Mlingoti Ulipokuwa Mtupu

Nyumba Na. 9,
Mtaa wa Kinu,
S.L.P. 46.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mwanangu, Bwana Maswali,

Marahaba nakupa mapema kabla hujaniamkia, maana najua huko uliko watu husalimiana kwa kupungiana mikono tu. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Mapacha wanaendeleaje, meno yao yameota yote au bado wanacheka kwa mapengo? Na ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa kutwa mbele ya kompyuta, umeupeleka kwa daktari au unaubembeleza kwa dawa za kupaka?

Huku sisi tuko salama wa mwili. Mama yako alikuja Jumatano, akakaa mpaka jioni, akanisema kwa sababu kabati langu la vyombo limejaa makopo matupu ninayomkusanyia jirani. Magoti yangu yananung'unika nikipanda ngazi, lakini yananifikisha. Macho ni habari nyingine, nayo utaisoma mbele.

Utashangaa kupata barua ya karatasi ilhali simu iko mezani. Nimeichagua karatasi kwa sababu wewe, mwanangu, hunikatiza. Si kwa ubaya. Tangu ukiwa na miaka minne ulikuwa ukiuliza swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa, ndiyo maana tukakupa jina hilo. Lakini habari hii nataka uipate nzima, mwanzo mpaka mwisho, hasa kwa kuwa ulichoambiwa wewe si habari yote.

Unachojua ni hiki: Jumanne ya tarehe 21 Mei, dada yako alikuwa akirusha ile droni uliyomtumia, akipiga picha paa la shule, na kindege kilichokuwa kikija kutua nusura kiivae. Muuguzi aliyekuwa ndani akaumia mkono. Dada yako akaenda mwenyewe kiwanjani, saa ile ile, akasema ni yeye. Hayo yote ni kweli. Kilichobaki ni changu.

Unaikumbuka kazi yangu. Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye kile chumba cha hali ya hewa pembeni ya kiwanja kidogo cha ndege, nikipima mvua kwa kijiti, nikisoma joto, nikiandika upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Asubuhi, mchana, jioni. Nilipostaafu walitundika picha yangu ukutani, juu ya meza niliyokuwa nikiiegemea. Ukiingia pale sasa unakutana na mimi nikikukodolea macho kama mkaguzi wa shule.

Kazi moja sikuiacha hata baada ya kustaafu. Pale kiwanjani kuna mlingoti, na juu yake kuna ule mfuko mrefu wa kitambaa, mdomo mpana na mkia mwembamba, tunaouita soksi. Upepo ukiingia mdomoni, soksi hujaa na kunyooka, na mkia wake huonyesha upepo unakokwenda. Rubani akiwa juu huitazama hiyo kwanza, kwa sababu ndege hutua ikiukabili upepo. Jua na vumbi huila soksi ile vibaya sana, na kwa kuwa nina cherehani na mkono wangu ulikuwa na sifa, kila ilipochanika waliniletea mimi.

Sasa nikueleze kiwanja chetu kilivyo, maana ulikiacha zamani. Njia ya kutulia ndege ina ncha mbili. Ncha moja iko upande wa kinu cha unga, nyingine upande wa shule. Asubuhi upepo hutoka shuleni kwenda kinuni. Basi ndege ya asubuhi hupita juu ya kinu, inatua ikiielekea shule, na inasimama mbali kabla ya kufika huko. Upepo ukigeuka, kila kitu hugeuka: ndege huja kwa kupita juu ya shule, chini kabisa, kiasi cha walimu kunyamaza hadi ipite.

Dada yako alipewa kazi ya paa la shule na fundi paa anayemwajiri. Usidhani alikurupuka. Huyu mtoto ni mwangalifu kuliko mimi. Kibali cha kurusha anacho, mtihani aliufanya na akaufaulu. Siku moja kabla alimpigia simu meneja wa kiwanja, yule tuliyekuwa tukimwita Bwana Dakika kwa sababu ya kutazama saa yake kila wakati, akamweleza ni wapi atarusha, saa ngapi, na kwa urefu gani. Meneja akamruhusu kwa masharti. Asipite mita arubaini kwenda juu. Hakuna ndege itakayoruka kabla ya saa sita, ila kuna moja itakayotua kama saa nne, imebeba chanjo. Upepo ukiwa wa asubuhi, ndege hiyo haitamhusu. Upepo ukigeuka, ateremshe droni mara moja, asingoje kuambiwa.

Masharti yote yalining'inia kwenye upepo. Na upepo ulining'inia kwangu.

Jumatatu jioni nilikuwa nimekwenda kiwanjani, nikaiona soksi imepasuka kutoka mdomoni hadi katikati. Nikamwambia mlinzi aishushe, nitaishona usiku huo na kuirudisha kabla ya jua kuchomoza. Utaratibu ninaujua, niliuandika mimi mwenyewe: soksi ikishushwa, meneja aambiwe, na ya akiba itundikwe. Sikumwambia meneja. Ya akiba ilikuwa chakavu kuliko hii. Na mlinzi, kwa kuwa ni mimi, hakuuliza.

Nilishona nikafumua. Nikashona tena, nikafumua. Mshono ulikuwa ukienda upande kama mlevi. Mwanangu, macho yangu hayaoni tena uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na nilikuwa nimelificha jambo hilo kwa watu wote, nikianzia kwangu mwenyewe. Jua likachomoza soksi ingali mezani.

Kwa kawaida dada yako akienda kurusha, huenda nami. Yeye macho yake yako kwenye kioo, anaangalia kile droni inachokiona, kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili anayetazama anga lote. Mtu huyo ni mimi. Kuona ndege angani si kama kuona uzi. Ya mbali nayaona bado. Pia mimi ndiye ninayeshika simu ya pili, kwa sababu simu yake yeye hugeuka kuwa kioo cha droni, naye huizima isiingize simu za watu. Kiwanja wakitaka kumwambia kitu, wananipigia mimi.

Asubuhi ile nilimwambia atangulie, mimi nimalizie mshono. Akasema fundi paa atakuwepo, atamtazamia. Nikasema sawa.

Saa tatu na nusu akanipigia. Alikuwa ndani ya ua wa shule, majengo ya ghorofa pande zote, mahali ambapo hata jani halitikisiki. Kupitia uwazi wa lango alikuwa akiuona mlingoti wa kiwanja.

"Shangazi, mlingoti uko mtupu."

Nikamwambia soksi ninayo mimi, bado naishona.

"Sasa upepo je? Umegeuka?"

Nami nikamjibu, mdomo umebana pini: "Mwezi huu haugeuki kabla ya saa sita. Wewe fanya kazi yako."

Hayo ndiyo maneno. Sikuongeza, sikupunguza. Yalitoka kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwapa marubani kwenye redio, nayo ni sauti ambayo mtoto yule amelelewa akiiamini.

Na hesabu ilikuwa yangu. Katika miaka thelathini na mmoja, upepo wa Mei uligeuka kabla ya saa sita mara sita tu. Mara sita katika karibu siku elfu moja. Ningekuwa darasani ningesema huo ni uhakika mkubwa. Lakini wastani, mwanangu, unakueleza siku zilizokwisha pita. Rubani anatua leo, na leo ilikuwa ya saba.

Yaliyofuata nimeyakusanya kwa watu mbalimbali. Rubani alifika, akatafuta soksi, hakuiona. Akazunguka juu mara moja, akautazama moshi wa kinu cha unga, akaona unalalia upande wa shule. Akasema kwenye redio kwamba anakuja kutua akitokea shuleni. Bwana Dakika akaruka kwenye kiti, akampigia dada yako mara mbili. Simu haikuingia. Akanipigia mimi. Simu yangu ilikuwa jikoni, inachaji.

Fundi paa alikuwa amesimama karibu na dada yako, akitazama. Ila alikuwa akiitazama droni. Kila mtu huitazama droni, inavutia kama mchezo. Ni kazi ngumu kweli kumwambia mtu aipe mgongo na kutazama mawingu matupu. Aliposikia injini na kugeuka, ndege ilikuwa imeshachomoza juu ya paa la bweni. Akamshika dada yako bega. Dada yako akaiangusha droni chini moja kwa moja, kama mtu anavyotupa kitu cha moto. Rubani naye akavuta ndege juu na kuipinda.

Vilipishana. Hakuna kilichogusana. Lakini ndani ya ndege sanduku la chanjo lilichomoka kwenye mkanda wake na kumpiga muuguzi mkono wa kulia, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiganja.

Baada ya hapo dada yako hakukaa hata kunywa maji. Alikwenda kiwanjani kwa miguu, droni mkononi. Wakampa fomu ya kuandika yaliyotokea. Mle ndani kuna swali: habari za upepo ulizipataje? Akaandika neno moja. *Nilikisia.*

Nilikuja kuiona fomu hiyo siku ya pili, nakala yake, alipoisahau mezani hapa nyumbani kwetu. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Unajua maana ya neno lile kwa watu wa anga? Anayekisia hapewi onyo. Ananyang'anywa kibali moja kwa moja, na hakuna fundi wala kampuni itakayompa kazi tena. Alijua. Aliandika hivyo kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa na jina langu.

Wengine nao walinifunika, kila mmoja na blanketi lake. Mlinzi alisema soksi ilikuwa "kwenye matengenezo." Bwana Dakika, niliyemfundisha mimi kusoma kipima joto akiwa kijana mwenye suruali fupi kuliko miguu yake, aliyaandika maneno hayo hayo na hakuuliza matengenezo yalikuwa kwa nani.

Na wewe, mwanangu. Alhamisi ile ulipopiga simu, dada yako aliweka sauti ya nje kwa kuwa alikuwa akikunja nguo. Nilikuwa chumba cha pili. Nilisikia ukisema, "Shangazi apumzike. Wewe bado mdogo, kibali utapata kingine."

Sikuandikii kukugombeza. Ulisema kwa mapenzi, ukijua tu kwamba dada yako hataki nisumbuliwe. Nitakwambia kitu kibaya zaidi ya hicho: nilipokusikia, nilishusha pumzi. Nilikaa kitandani nikajiambia mtoto wa watu ana akili. Nikala chakula changu chote siku ile.

Siku zikaenda. Dada yako akaifuta droni vumbi, akaizungushia taulo, akaiweka chini ya kitanda chake. Akaanza kuulizia kazi kwenye duka la kuuza vocha na chaji. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, aliendelea na mchezo wetu wa tangu utoto wake: "Shangazi, leo upepo ukoje?" Nami namjibu, naye anaitikia kama mwanafunzi. Aliuliza hata asubuhi ya kwanza baada ya ajali. Nilielewa kwamba anauliza ili nisijue kwamba amejua kosa lilikuwa langu.

Nilikwenda kumwona muuguzi. Nilibeba matunda, nikajitambulisha kuwa shangazi wa mwenye droni. Ana maneno yule mama. Akaniambia, "Kwa mkono huu nimechanja watoto maelfu, na hakuna aliyelia kama nilivyolia mimi." Tukacheka. Kisha akaniuliza kama binti yule anakula. Nikasema anakula kidogo. Akasema nimwambie amesamehewa, kwa kuwa vijana hufanya haraka, na hawana mtu wa kuwaelekeza.

Hawana mtu wa kuwaelekeza. Niliinuka kuondoka, nikashindwa kuuona mlango kwa machozi.

Njiani nikakumbuka jambo ambalo mwili wangu ulilijua siku zote. Unakumbuka cherehani yangu inapokaa: mbele ya ukuta, dirisha nyuma yangu, nalo linatazama kiwanjani, upande wa kinu. Upepo wa asubuhi ukivuma, pazia la dirisha lile hutulia kabisa. Haliingii ndani mpaka upepo ugeuke. Asubuhi ile, nikiwa na pini mdomoni na simu sikioni, pazia lilikuwa likinigusa bega. Likaja mara ya pili likafunika kitambaa. Nikalisukuma kwa kiwiko, nikaudhika, nikaendelea kusema kwamba upepo haugeuki.

Kikao kilikuwa juzi Ijumaa, ofisini kwa Bwana Dakika. Alikuwepo mkaguzi kutoka mamlaka ya anga, binti wa miaka kama thelathini na kitu, mpole, ana kalamu mbili. Alikuwepo rubani, muuguzi na bandeji yake ngumu, mlinzi, fundi paa, na dada yako aliyevaa lile gauni la mahafali yake. Mimi sikuitwa. Nilikwenda na soksi yangu ndani ya mfuko wa sokoni.

Nilipoingia walisimama wote. Bwana Dakika akaniletea kiti chake. Hapo ndipo nilipoona vizuri shida ilipo: katika chumba kile hakuna ambaye angeweza kunilaumu, hata nikimwomba.

Rubani ndiye aliyekuwa akizungumza. Ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Nilidhani ni kunguru. Kunguru hukwepa. Hiki hakikukwepa."

Nilisubiri amalize. Kisha nikasema kwamba fomu ina neno lisilo kweli, kwamba binti huyu hakukisia, aliuliza, na aliyemjibu ni mimi. Nikaweka soksi mezani na mshono wake uliopinda, nikaeleza ya Jumatatu jioni, ya mlinzi, ya macho yangu, ya simu iliyokuwa jikoni.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa heshima yote, "Mama, kabla ya kumjibu, ulitazama nje?"

"Sikutazama," nikasema. "Dirisha lilikuwa mgongoni kwangu."

Picha yangu ilikuwa ukutani, chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi.

Mkaguzi akamgeukia dada yako, akamwuliza kwa nini basi aliandika alikisia. Dada yako alitazama vidole vyake. Nilitamani amwambie chochote kingine. Akasema, "Kwa sababu ni shangazi yangu."

Uamuzi ni huu. Kibali chake hakikufutwa. Kimezuiliwa miezi minne. Miezi mitatu ni kwa sababu alirusha bila mtazamaji anayejua kazi, na bila simu ya pili, na alipoukosa uhakika wa upepo aliurusha mtambo badala ya kuuacha chini. Mwezi wa nne ni wa lile neno moja. Mkaguzi alilieleza vizuri: kosa likiandikwa uongo, atakayekuja kulirudia hatakuwa na pa kujifunzia. Mlinzi amepewa onyo. Soksi zitashonwa na fundi cherehani wa mjini, nazo zitakuwa mbili. Mlingoti ukiwa mtupu, hakuna droni itakayoruka upande wowote. Mimi wameniambia asante. Hilo tu, asante, na Bwana Dakika akanisindikiza mpaka barabarani bila kutazama saa.

Muuguzi alinipita getini. Aliniwekea ule mkono mzima begani, akaenda zake. Sijui ulikuwa na maana gani, na sikuona haki ya kuuliza.

Ukidhani nilirudi nyumbani mwepesi, hapana. Dada yako hakunisemesha njia nzima. Alikuwa amekubali kupoteza kila kitu ili kunilinda, nami nimeichukua zawadi yake nikaifungua mbele za watu. Sasa jina lake liko kwenye karatasi kwamba aliandika uongo. Nimefanya lililo sawa, na kwa kulifanya nimemwongezea mwezi mmoja. Mambo hayo mawili nimelala nayo kitanda kimoja siku mbili sasa, na hayapatani.

Mwanangu, sasa nitoke kwangu nije kwako. Mwezi uliopita ulinitumia picha ya mapacha wakirusha droni yenu uwanjani, na nyuma yao, juu ya miti, nikaona kindege cha bawa la juu, kama kile cha chanjo, kinashuka. Nilitabasamu, nikamwonyesha na mama yako. Leo nimeitazama tena picha hiyo, nikaiweka simu mezani, nikachukua kalamu.

Jumamosi ijayo, kabla ya kurusha, nenda mwenyewe kwenye hicho kiwanja chenu. Waulize ndege zao hupita wapi zikitua, na upepo ukigeuka hupita wapi. Waachie namba ya simu ambayo haitumiki kuwa kioo, na mpe mkeo aishike. Mwambie aipe droni mgongo, atazame anga. Na kumbuka urefu unaouona kwenye kioo huhesabiwa kutoka pale uliposimama: ukirusha kutoka kilimani, mita arubaini zako kwa rubani aliye juu ya bonde zaweza kuwa mia. Mkisikia injini, hata kwa mbali, msianze kubishana inatoka wapi. Shusheni kwanza. Nyinyi mnaweza kushuka kwa sekunde chache, yeye hawezi kusimama.

Na ukiambiwa upepo ukoje, na mtu yeyote, hata awe na picha ukutani, toka nje ukautazame.

Jambo la pili ninalokuomba ni dada yako. Mpigie. Usimpe shauri, usimwambie ataanza upya, usimwambie mimi ni mzee. Mwulize tu siku ile alihisi nini ndege ilipochomoza juu ya bweni. Hakuna aliyemwuliza hilo hadi leo, hata mimi. Sote tulikuwa tumeshughulika na mimi.

Jana asubuhi hakuniuliza habari za upepo. Nilikunywa chai nikisikia kijiko changu tu.

Leo niliamka mapema. Nilitoka uani, nikasimama mpaka nikahakikisha, nikarudi kukaa mezani na jibu langu tayari, endapo angeuliza. Akaja, akamimina chai yake. Hakuuliza. Alikwenda kwenye dirisha lililo nyuma ya kiti changu cha cherehani, akalisogeza pazia lote upande mmoja, akachungulia kule kiwanjani ambako soksi mpya imetundikwa, nyekundu, inaonekana hata na mimi. Akaitazama kwa muda.

"Unatoka shuleni, Shangazi," akasema, bado amenipa mgongo.

Jibu langu lilikuwa hilo hilo. Nililimeza pamoja na chai, nikamwambia asante kwa kuniambia.

Hakulirudisha pazia. Nami sijalirudisha. Naandika nikiwa nimekigeuza kiti, uso kwenye dirisha.

Nisalimie mkeo sana, mwambie zile dawa za magoti zimefika. Wabusu mapacha, kila mmoja kwenye pengo lake. Mama yako anakusalimu, na babu mdogo, na jirani wa makopo ambaye bado anauliza utarudi lini. Dada yako hajui ninakuandikia, kwa hiyo salamu zake zidai mwenyewe kwenye simu.

Mungu awalinde nyote mlio chini, na wale wanaopita juu yenu.

Ni mimi nikupendaye, hata pale unapoteleza kama nilivyoteleza,

Shangazi yako